Kesi ya Nguruwe wa Sikio Lililochanika

Sisi Wapare tunasemwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Nilipokuwa msichana maneno hayo yaliniudhi sana. Sasa nina miaka hamsini na mitatu, na katika chumba changu cha kulala hapa Rissne, kitongoji cha Stockholm, Sweden, limesimama kabati la chuma zito kuliko majokofu mawili. Ndani yake mna bunduki, na yote hayo ni kwa sababu ya tuta moja la maharage. Kwa hiyo siku hizi siudhiki. Nakaa kimya, nakunywa chai yangu.

Anayenijua hawezi kuamini. Mimi ni mtu wa ndani. Napika katika jiko la shule, na nikitoka kazini najifunga kanga, najitupa kwenye kochi, basi mpaka kesho. Miaka zaidi ya ishirini Stockholm, msitu niliuona kupitia dirisha la treni, na sikuhisi nimepungukiwa na kitu. Panya akipita jikoni, anayepanda juu ya kiti ni mimi.

Kitu pekee kilichonitoa nje ni bustani, kipande cha kukodi upande wa Norsborg, mwisho kabisa wa njia nyekundu ya treni. Kutoka Rissne nilikuwa nabadilisha treni katikati ya mji nikiwa na jembe mkononi, na watu walinipisha vizuri. Sikuwa nafuata hewa safi. Nilikuwa nafuata maharage ya mama.

Yalikuwa mekundu yenye madoa meupe, kama ndama. Mama alinipa kiganja kimoja mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani, na hapa niliyaotesha dirishani kwanza, kisha nikayahamishia bustanini baridi ikishaondoka. Kila mwaka yalinipa ya kula kidogo na mbegu za mwaka unaofuata. Mama alikuwa na sheria moja: mbegu haziendi shambani zote. Fungu moja lilikaa darini, juu ya moshi wa jiko, na hata mwaka wa njaa hakuna aliyethubutu kuligusa. Nilifuata sheria hiyo miaka tisa. Kisha mama akafariki, nami nikaamua kwamba atakapotimiza mwaka nitawapikia watu makande ya kumkumbuka, sufuria kubwa, kwa maharage yake mwenyewe. Hesabu ilionyesha mbegu hazitoshi mpaka nizipande zote.

Nikazipanda zote.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane nilifika nikakuta tuta limepinduliwa. Ungedhani mtu amedondosha pete akaitafuta kwa trekta. Mizizi ilikuwa juu, majani chini, maganda yametafunwa na kutemwa. Sikuokota hata punje moja nzima, na nilipiga magoti kutafuta mpaka kanga ikalowa.

Bibi wa Kiswidi mwenye bustani ya mkabala, mama wa miaka sabini na kitu, alikuja akatazama nyayo. "Nguruwe pori," alisema. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha wawindaji wa msitu ule, na alikuwa na kamera ameifunga kwenye mti. Alinionyesha picha kwenye simu: dume kubwa, sikio la kushoto limechanika mpaka shinani, na dume lenyewe linatazama kamera bila haya. Puani lilikuwa na kikonyo cha kijani.

Maharage ya mama yangu. Kama mtu aliyesahau kupangusa mdomo.

Nilimpigia simu mtani wangu. Yeye ni Mchaga, dereva wa basi, anaishi Norsborg hapo hapo, na Wachaga na Wapare ni watani, kazi hiyo hafunzwi mtu. Tangu tujuane ananitukana kanisani mbele ya mchungaji, na kila akija nyumbani hatoki mikono mitupu. Ameshaondoka na ndala za mume wangu, chupa ya chai, makopo ya jikoni, na picha yangu ya harusi, ambayo aliirudisha akisema inamtisha. Huwezi kukasirika. Ndiyo sheria ya utani.

Alikuja na sare ya kazi. Akavua kofia, akalitazama lile shimo, na bila kusema neno akashuka akalala humo chali, mikono kifuani, kama watani wanavyolala kaburini nyumbani.

"Mtani, toka, unachafua suruali ya watu."

"Mimi si mtani. Mimi ni maharage marehemu. Mpare alinipanda, na kwa ubahili hakuniwekea hata uzio. Nguruwe amenila. Na Mpare amesimama hapo na jembe, analia kama aliyenyimwa supu."

"Toka nje!"

"Sitoki mpaka niambiwe litafanyika nini. Si nyie ndio watu wa kesi? Mnaburuzana mahakamani kwa mgomba uliodondosha jani kwa jirani. Au huyu mnamwogopa kwa vile ana meno?"

"Nitamuua," nilisema.

"Kwa kitu gani? Kwa mwiko?"

"Kwa bunduki."

Akafungua jicho moja. "Ya nani?"

"Yangu."

Akainuka akajikung'uta udongo. "Haya. Marehemu amesikia."

Yule bibi aliniuliza kwa sauti ya chini kama mgonjwa anahitaji gari la hospitali. Nilimwambia ni desturi ya msiba. Akatikisa kichwa kwa heshima, akaenda kutuletea kahawa.

Kiapo ulichokula mbele ya mtani hakifutiki. Ningekaa kimya angenikumbusha kwenye kila harusi na kila ubatizo mpaka nife, kisha angelala ndani ya kaburi langu akinikumbusha. Lakini sitamsingizia yeye. Mimi mwenyewe nilitaka. Nikifunga macho nilikuwa naliona lile sikio.

Mume wangu ni Mkenya wa Machakos, mhandisi huko Kista, mtu wa kupunguza gharama na makelele. "Sasa wewe," aliniambia, "si ununue tu waya ya stima, uzungushe hiyo shamba?"

"Waya itamzuia."

"Si ndiyo maana yake?"

"Mimi sitaki azuilike."

Alinitazama, akasema, "Ati hata panya unaogopa."

Bibi jirani alisema nisome kwanza, kwani hapa hupewi bunduki bila mtihani wa uwindaji. Majira yote ya baridi nilikwenda darasani baada ya kazi, mimi na vijana wa Kiswidi waliozaliwa na matope kwenye buti. Nilijifunza nyayo, misimu, sheria, mahali moyo wa mnyama ulipo. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na kidato cha nne sikuwahi kusoma hivyo, maana kidato cha nne sikuwa namchukia mtu. Mtihani wa maandishi niliupita mara moja. Wa kulenga shabaha ulinikataa, nikarudia. Mara ya pili yule mnyama wa ubao alipopita mbio mbele yangu nilimwona ana sikio lililochanika. Nikapita.

Dukani nilikwenda na mume wangu, ambaye alisema anakuja kushuhudia tu. Muuza bunduki alikuwa mzee mtaratibu mwenye miwani shingoni. Kwanza alinipa ile ya kuvuta komeo kwa mkono kila baada ya risasi. "Bunduki ya kwanza iwe hii," alisema. "Inafundisha subira."

Nilimwambia subira ninayo ya kutosha, ninachokosa ni bega. Sufuria za shule zimelimaliza. Hapo akanielewa. Akatoa tatu za aina nyingine, zile zinazojipakia zenyewe: unavuta triga inatoka moja, inayofuata imeshakaa mahali pake, unavuta tena. Sehemu ya teke lake huliwa na mitambo, bega linapata salio. Kisha akaniinamia juu ya meza kama daktari.

"Sikiliza. Ile risasi ya pili si ya ukali. Ni ya kumkatia mnyama mateso, kama ya kwanza umeikosea."

Nikaitikia kama kanisani. Moyoni niliiona ya pili ni ya maganda yaliyotemwa.

Nilizipima zile tatu kwa njia ninayoijua: niliinua moja moja, nikaigeuza, nikaigonga kwa kifundo cha kidole, nikatega sikio.

"Anafanya nini?" mzee akamuuliza mume wangu.

"Anachagua sufuria," akajibu.

Moja ilikuwa na kitako cha mti mzuri kabisa, chenye mawimbi kama kabati la sebuleni. Niliipenda, nikaiacha, kwa sababu kitu cha matope kinunuliwe kinachooshika. Nikachukua ya plastiki nyeusi. Kitako kilikuwa kimetengenezwa kutoshea mikono mirefu ya Mswidi. Nikiiweka begani, jicho halikufika linapotakiwa kufika. Mzee alifungua skrubu nyuma, akatoa vipande viwili vya kurefushia, akanirudishia. Nikaiinua tena, shavu likalala lenyewe. Hata mume wangu aliacha kutabasamu.

Vifaa vingine vilikuwa rahisi. Mkanda mpana usiokata bega. Vizibo vya masikio vinavyokuacha usikie jani likidondoka lakini vinaziba mlipuko. Kofia na kizibao cha rangi ya chungwa, ili mwenzako asikudhanie wewe ndiye nguruwe, jambo ambalo mtani alisema kwa umbo langu si hatari ndogo. Vyote nilikubali bila ubishi. Kosa langu lilikuwa kwenye darubini.

"Katika msako wa kutumia mbwa," mzee alinieleza, "nguruwe anakuja mbio, tena karibu. Chukua kioo hiki chenye nukta nyekundu. Hakikuzi kitu. Unafungua macho yote mawili, unaweka nukta, basi."

"Na ile ndefu?"

"Ile inavuta mbali sana. Ni ya mtu aliyekaa juu ya kiti cha mnara, anatazama shamba lote."

"Nipe hiyo."

"Lakini mama, wewe unataka kupiga umbali gani?"

"Umbali siujali. Nataka nimwone uso."

Mzee alimtazama mume wangu. Mume wangu akatazama dari.

Kibali kiliombwa polisi. Kwenye fomu hakukuwa na kisanduku cha kisasi, nikaweka alama kwenye uwindaji. Kabati la chuma lililetwa siku ambayo lifti imeharibika, na mtani ndiye aliyelipandisha pamoja na mume wangu, akisimama kila ngazi ya tano kuuliza kama kweli ni maharage au kuna mtu nimemficha. Binti yetu alitoka chumbani, akaliona, akatuambia kwa Kiswidi kwamba tumechanganyikiwa, akarudi alikotoka. Hata mimi nilikuwa na mawazo hayo hayo.

Barua ya polisi ilifika, nikaichukua bunduki, nikafanya mazoezi mpaka mwezi wa kumi na moja.

Siku ya msako wa kwanza bibi jirani aliniketisha kwenye kigogo kando ya njia ya msituni, akanionyesha upande wa kupiga na upande ambao ni mwiko hata kuugeukia. Wengine walitawanyika, mbwa wakaachiwa. Nilikaa saa mbili. Miguu ikafa ganzi. Chai yote ikaisha. Nikaanza kuwaza kochi langu kwa mapenzi ambayo sijawahi kumwonyesha binadamu.

Ndipo matawi yakavunjika, naye akatoka. Hatua kumi na tano, labda kumi na mbili. Sikio la kushoto vipande viwili, linapepea. Alisimama pale njiani, kabisa, kama aliyefika kituoni. Nikainua bunduki, nikaweka jicho kwenye darubini yangu ndefu, ya kumwona uso.

Niliona nywele.

Nywele tupu. Nyeusi, nene, zenye theluji kidogo. Nikasogeza kushoto: nywele. Nikasogeza kulia: nywele. Sikujua kama ni bega, tumbo au matako, na kwenye darasa lile walitufundisha kwamba usichokijua hukipigi. Huo ndio uungwana pekee niliokuwa nao siku hiyo. Nilipotoa jicho ili nimtafute, njia ilikuwa tupu.

Mtani alipiga simu kabla sijavua buti. "Enhe, umemwona uso?"

"Nimeona nywele."

Kisha nikasikia simu inawekwa chini, na mtu anacheka mbali na simu, kwa adabu, kama anayekohoa.

Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa na habari. Akina mama walinizingira kwenye chumba cha kahawa. "Dada, tumesikia umefungua saluni." "Nguruwe unamsuka twende kilioni au mabutu?" Mchungaji mwenyewe, mtu wa Mungu, aliniuliza kama natoza kwa kichwa. Nilicheka nao. Nina meno mazuri, nayaonyesha. Lakini nilirudi nyumbani nikafungua kabati, nikaitazama ile darubini kama unavyomtazama shahidi wako mwenyewe aliyekuumbua mahakamani.

Jumatatu nilikuwa dukani. Mzee alikuwa ameshakitoa kile kioo cha nukta nyekundu na kukiweka juu ya meza kabla sijafunga mlango.

Mwezi wa kwanza tulirudi msituni. Theluji ilifika magotini, na bibi jirani akanirudisha kwenye kigogo kile kile. Safari hii sikuwaza kochi. Nilimwaza mama akichambua maharage kwenye ungo, anatupa mawe bila kutazama. Mbwa walibweka mbali, wakabweka karibu. Alitoka mbio safari hii, akikatiza njia. Macho yangu yote mawili yalikuwa wazi, nukta ikaja yenyewe begani kwake.

Ya kwanza ilikuwa ya hasira, ikaenda nyuma kidogo. Niliona anayumba, bado anakimbia. Ya pili ilikuwa tayari, na sikuipiga kwa hasira. Niliipiga kama mtu wa kazi. Akaanguka kwenye theluji hapo hapo, na yule mzee wa duka alikuwa sahihi, ingawa sijamwambia.

Bibi jirani alifika, akavua kofia, akavunja kitawi cha msonobari akamwekea mdomoni. Tonge la mwisho, alisema, heshima kwa mnyama. Nilisubiri amalize. Kisha nikachuchumaa, nikashika lile sikio vipande viwili, nikamsomea mashtaka yote kwa Kipare: mwezi, siku, tuta, idadi ya miche, jina la mama. Bibi aliuliza kama ni sala. Nikamwambia inakaribia.

Watu hupenda kusikia kwamba kisasi hakina ladha. Mimi nilingoja majibu ya maabara, kwa maana nyama ya nguruwe pori hailiwi kabla haijapimwa minyoo. Hata akiwa maiti alinisubirisha. Yalipofika yakisema ni salama nilimkata, nikamchemsha kwa tangawizi na ndimu, nikamkaanga mpaka akalia. Ladha ilikuwepo. Nilirudia sahani.

Nilimwalika mtani, ili ale maneno yake pamoja na nyama. Alikuja, akadai kidari, akadai na ini, akaeleza kwamba kwao Uchagani kila kiungo kina mwenyewe na viungo vyote vizuri ni vyake. Nikamwachia. Nilikuwa mshindi.

"Kesi umeshinda," alisema akijifuta mikono. "Sasa makande ya mama yako yako wapi?"

Hilo ndilo jambo ambalo bunduki haikuweza kulifanya, na nilikuwa nimelipita kwa miezi kumi na saba bila kulitazama. Nguruwe alikuwa tumboni mwetu. Maharage yalikuwa yameisha duniani. Na aliyepanda mbegu zote si nguruwe.

Mume wangu alisema, "Hiyo maneno tuwache." Lakini mtani alikuwa ameshaingiza mkono ndani ya koti. Akatoa kopo. Lilikuwa kopo langu, la kahawa, nililokuwa nimelisahau, lenye karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wangu. Akalifungua, akanisogezea.

Mekundu, yenye madoa meupe.

"Nililichukua jikoni kwako mwaka mmoja kabla ya nguruwe," alisema. "Nikidhani ni kahawa. Mke wangu akapanda machache barazani. Kila mwaka tunapata hivi hivi, kikombe."

Nililia, ndiyo. Nilipakata lile kopo kama mtoto. Lakini mimi ni Mpare, na katikati ya machozi nilikuwa napiga hesabu.

"Siku ulipolala kwenye shimo," nilisema, "ulikuwa nayo nyumbani?"

"Nilikuwa nayo."

"Nilipofeli shabaha?"

"Nayo."

"Siku ya nywele?"

"Sasa mtani," alisema, "ningekupa mapema, nguruwe angeuawa na nani?"

Nilimpakulia nyama nyingine. Nikamshukuru mbele ya wote, kwa unyenyekevu uliomtia wasiwasi mume wangu.

Mwezi wa tano nilipanda nusu. Nusu iliyobaki sina dari wala moshi wa kuiwekea, kwa hiyo imo ndani ya kabati la chuma, pembeni ya bunduki, na ufunguo ninao mimi peke yangu. Niliyoyapanda yamechipua vizuri. Safari hii nimezungusha waya wa umeme. Bunduki imesafishwa na kupakwa mafuta, maana kamera ya bibi inaonyesha marehemu aliacha watoto.

Mtani alipiga simu kuuliza yanaendeleaje. Nilivuta pumzi, nikashusha sauti, nikamwambia yameoza yote ardhini, hata moja halikutoka, tena yale ya barazani kwake mkewe ameshaniambia yameliwa na konokono, kwa hiyo ndiyo mwisho wake. Mimi na mkewe tumeshakubaliana, naye yale ya barazani ameyaficha. Nikasikia anakaa chini. "Yote, mtani?" Yote, nikasema. Nikaomboleza kidogo.

Alinikalisha miezi kumi na saba. Nimehesabu, nimeandika ukutani nyuma ya kabati. Naye atakaa kumi na saba, halafu nitamwalika makande.